Mchumba wangu ana talaka ya msikitini tu: tunaweza kufunga ndoa ya bomani?

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Morogoro. Mwenzangu ana miaka 35. Mimi ni Mlutheri, yeye ni Mwislamu, na hakuna anayetaka kumtoa mwenzake kwenye dini yake, kwa hiyo tumekubaliana tufunge ndoa ya bomani, ya mke mmoja. Tumeshachagua Jumamosi, wiki tano kutoka leo. Ukumbi tumelipia nusu, kamati imekaa mara mbili na michango imeanza kuingia.

Wiki iliyopita tulikwenda ofisi ya manispaa kuulizia leseni ya ndoa, maana rafiki yangu aliyeolewa Marekani aliniambia bila leseni hakuna kinachoanza. Tukaambiwa ndoa hazifungwi pale. Tulipofika kwa msajili tulikuwa na vitambulisho vya taifa peke yake, tukarudishwa. Karani alituandikia kwenye kikaratasi: vyeti vya kuzaliwa, barua ya mtaa, picha, na uthibitisho wa talaka. Hakueleza zaidi, foleni ilikuwa ndefu.

Hapo kwenye talaka ndipo ninapokosa usingizi. Mwenzangu alioa mwaka 2018 kwa ndoa ya Kiislamu, wakaachana 2022. Wana mtoto mmoja wa miaka sita, anakaa kwa mama yake. Anayo karatasi ya talaka aliyoiandika mwenyewe, ina mashahidi wawili na muhuri wa msikiti. Yeye anasema inatosha. Hawakwenda baraza lolote wala mahakamani. Huyo mama hana ugomvi nasi, ila naye hajaolewa tena.

Jambo la pili ni langu. Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Kristina, na kina jina langu na la baba tu. NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wameandika Christina, majina matatu. La tatu ni baba yangu mkubwa. Anasema mahari haijaisha, wamebaki ng'ombe wawili, na tukithubutu kwenda bomani ataweka pingamizi.

Naomba unieleze tuanzie wapi. Zile siku 21 za kungoja baada ya kumpa msajili taarifa ya ndoa zinaweza kuondolewa? Na karatasi ya msikiti inatosha?

Mchumba wa Morogoro


Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Karatasi ya msikiti haitoshi, na ile tarehe muiahirishe leo, kabla kamati haijalipia kitu kingine. Siku 21 zingeenea ndani ya wiki tano, majina yako yanarekebishika, na baba yako mkubwa hana nguvu anayodhani anayo. Lakini mbele ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, mwenzako bado ni mume wa mtu.

Usimwone mwongo. Kwa dini yake ameshaacha, na anaamini hivyo kwa moyo safi. Ila kifungu cha 12 cha sheria hiyo kinaihesabu ndoa kuwa ipo mpaka mmoja wao afe, au mahakama itamke kwamba anadhaniwa amekufa, au iibatilishe ndoa, au itoe talaka. Talaka ya kuandikwa hapa nchini na mume peke yake haimo. Ichukue ile karatasi yake uitazame kwa utulivu. Utaona majina yao, tarehe, saini za mashahidi na muhuri wa msikiti. Sasa tafuta namba ya shauri. Tafuta jina la mahakama, saini ya hakimu na muhuri wa mahakama. Hivyo ndivyo vitu anavyovitafuta msajili anaposema uthibitisho wa talaka, na asipoviona atakurudishia karatasi yako hata kama ina mihuri mitatu ya msikiti.

Safari ya kuipata talaka ya mahakama inaanzia kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kifungu cha 101 kinamzuia mtu kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujafikishwa barazani, na baraza likathibitisha kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kila kata inatakiwa iwe na baraza la aina hii, na Waislamu wengi hutumia yale yaliyo chini ya BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Mwenzako apeleke malalamiko, mke wake wa zamani ataitwa, watasikilizwa, kisha baraza litatoa hati. Sheria ina misamaha, kwa mfano kama mwenza ametoroka na hajulikani alipo, au ameitwa barazani akakataa kwa makusudi. Ninyi hamuihitaji misamaha hiyo, kwa kuwa huyo mama yupo na hana ugomvi. Mwombeni kwa adabu afike, tena nauli yake mumlipie ninyi. Akikosa kufika mara mbili tatu, mnarudishwa nyuma miezi.

Sasa angalia hapa, maana wengi huteleza. Kifungu cha 107, kijifungu cha 3, kinasema kwamba ikithibitika ndoa ilifungwa kwa taratibu za Kiislamu, baraza limethibitisha kushindwa kuwapatanisha, na baada ya hati hiyo kutolewa mmoja wao amefanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, basi mahakama itaona ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika na itatoa talaka. Neno zito hapo ni "baada". Talaka ya mwenzako ni ya 2022, na baraza bado hajaliona. Akienda mahakamani na karatasi ya zamani pamoja na hati mpya ya baraza, atakuwa na vitu vyote viwili, ila tarehe zimepinduka. Basi akishapata hati, iandikwe talaka nyingine yenye tarehe inayofuata tarehe ya hati, na mashahidi wasaini tena. Amwone shehe wake juu ya namna ya kuiandika ili isigongane na ile ambayo kidini ilishapita. Hakimu atatazama tarehe.

Kuna na mlango wa pili wa kusaidia. Kutengana kwa hiari kwa muda usiopungua miaka 3 ni mojawapo ya mambo ambayo sheria inayakubali kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kama muda huo umeshatimia tangu waachane, aseme hivyo kwenye madai yake, na huyo mama akikubali mbele ya hakimu kwamba kweli hawajaishi pamoja tangu mwaka huo, shauri linakuwa jepesi zaidi.

Shauri alifungue Mahakama ya Mwanzo. Mahakama Kuu, ya Hakimu Mkazi, ya Wilaya na ya Mwanzo zote zina mamlaka ya kuanza kusikiliza mashauri ya ndoa, na kwa jambo lisilo na ubishi kama hili sioni faida ya kupanda juu. Mahakama ya Mwanzo iko karibu na mwenendo wake ni wa Kiswahili. Aende na cheti cha ndoa ya 2018, hati ya baraza, karatasi mpya ya talaka, na ile ya zamani pia, maana inaonyesha wameachana tangu lini. Kama cheti cha ndoa kimepotea, aanze kukitafuta wiki hii kwa shehe aliyeifungisha au kwa msajili wa wilaya ilikofungwa, kwa sababu hawezi kuomba kuvunjiwa ndoa ambayo hajaonyesha kwamba ilifungwa.

Mashauri ya namna hii mara nyingi hayacheleweshwi na talaka yenyewe. Yanacheleweshwa na mali na watoto. Mahakama inayovunja ndoa ina mamlaka ya kugawa mali waliyochuma pamoja, kuamua mtoto akae kwa nani na nani amtunze. Mtoto wa miaka sita yupo, kwa hiyo suala hilo haliepukiki. Mwenzako na huyo mama wakae kabla ya siku ya shauri, waandike walichokubaliana: mtoto anabaki kwa mama, baba anatoa matunzo kiasi gani kwa mwezi, ada ya shule nani analipa, kiwanja kama kipo kinabaki kwa nani. Wasaini wote wawili. Na wewe, binti yangu, usiingie kwenye mazungumzo hayo hata kama unaona matunzo ni makubwa. Atakayeumia ukiingia ni mtoto, na shauri litageuka la wanawake wawili.

Hakimu akishatoa hukumu, aombe nakala ya hukumu na ya dikrii ya talaka, yaani amri rasmi ya mahakama inayovunja ndoa, zote mbili, zikiwa zimegongwa muhuri. Muda wa kukata rufaa ni siku 45. Mimi ningezingoja ziishe hata kama hakuna anayefikiria rufaa, halafu ningepeleka dikrii isajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ambao ndio wanaotunza rejista ya talaka na kutoa cheti chake. Bado mtakuwa na muda wa kutosha wa kuandaa yale ya upande wako.

Kabla sijatoka kwenye talaka, nikuonye juu ya njia ya mkato ambayo mtu atawanong'oneza, na atakuwa na hoja ya kisheria mdomoni. Ndoa ya Kiislamu sheria huichukulia kuwa ni ya wake wengi, au inayoweza kuwa ya wake wengi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mume aliye kwenye ndoa ya namna hiyo anaweza kuoa mke mwingine hata bomani, mradi ndoa hiyo nayo iandikwe kuwa ya wake wengi na jina la mke aliyepo liandikwe kwenye fomu ya kusudio la kufunga ndoa. Kifungu cha 15 kinamkataza kitu kimoja: kufunga ndoa ya mke mmoja na mtu mwingine wakati ile ya kwanza bado ipo. Kwa hiyo atakayekwambia "andikeni wake wengi tu, mambo yaishe" anakwambia jambo linalowezekana. Ila ninyi mnataka ndoa ya mke mmoja, na kwa njia hiyo utaingia kama mke wa pili wa mwanamume ambaye mke wake wa kwanza bado yumo kwenye rejista. Akifariki, Mungu apishe mbali, huyo mama atakwenda kwenye mirathi na cheti cha 2018 mkononi, na atakuwa na haki.

Na mkificha, mkaandika kwenye fomu kwamba mwenzako hajawahi kuoa, mtakuwa mmetoa maelezo ya uongo kwenye taarifa ya kusudio la ndoa, na hilo ni kosa la jinai. Ndoa ya mke mmoja itakayofungwa juu yake itakuwa batili tangu siku ya kwanza. Cheti mtakuwa nacho na ndoa hamna.

Twende kwenye upande wako sasa, ambao unaweza kuuanza kesho asubuhi.

Kuhusu leseni, rafiki yako hakukudanganya, ila huko alikoolewa mambo yanakwenda tofauti. Kwa Tanzania Bara wachumba hawachukui leseni ya kuoana. Wanachotoa ni taarifa ya kusudio la kufunga ndoa, na wanachopata mwisho ni cheti cha ndoa. Ukisikia leseni kwenye habari za ndoa, mara nyingi ni ile ambayo Msajili Mkuu humpa kiongozi wa dini ili aweze kufungisha ndoa. Na ofisi yenu siyo ya manispaa. Manispaa ni halmashauri. Ndoa ya kiserikali iko kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, ndiyo maana watu wanaiita ndoa ya bomani mpaka leo. Wachumba wengi hupoteza siku nzima hapo, hasa pale ambapo majengo yote mawili yako mtaa mmoja.

Majina yako. NIDA ndiyo itakayotumika kwenye benki, pasipoti na simu, kwa hiyo cheti cha ndoa kifuate NIDA: Christina, majina matatu. Tofauti ya Kristina na Christina pamoja na jina la tatu lisilokuwepo kwenye cheti cha kuzaliwa huzibwa kwa kiapo cha majina, yaani hati unayoapa mbele ya wakili au kamishna wa viapo kwamba Kristina wa kwenye cheti na Christina wa kwenye NIDA ni mtu mmoja, ambaye ni wewe. Hakikisha kiapo kinataja namba ya cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA, na kwamba majina yameandikwa herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kila hati. Nimeona viapo vilivyoandikwa haraka vikaleta tahajia ya tatu ambayo haipo popote. Hakuna haja ya hati ya kubadili jina, ile inayosajiliwa kwa msajili wa hati, kwa sababu hubadili jina. Unaeleza tu kwamba yote mawili ni yako.

Cheti cha kuzaliwa cha mwenzako mkikague vilevile. Kama hana, mkiombe RITA mapema, maana usajili wa mtu mzima unataka ushahidi kama kadi ya kliniki au vyeti vya shule, na kuvikusanya kunachukua muda.

Barua ya mtaa kila mmoja anaichukua kwake, kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa anaoishi. Usichukue moja kwa ajili ya wote wawili kama hamuishi nyumba moja. Waambie waandike jina kamili kama lilivyo NIDA, na waseme kwamba unataka kufunga ndoa, si "utambulisho" tu, kwani barua ya jumla huweza kukataliwa. Picha ndogo za pasipoti piga za kutosha, nne kila mmoja, uwe na akiba. Hati zote peleka na nakala, halisi ukae nazo mwenyewe mkononi.

Taarifa ya kusudio ndiyo moyo wa kazi yote. Kifungu cha 18 kinataka ifike kwa msajili angalau siku 21 kabla ya siku mnayotaka kufunga ndoa. Ndani yake kuna majina na umri wenu, mnapoishi, majina ya wazazi wenu na wanapoishi kama wapo hai, tamko kwamba hamna undugu unaokatazwa, na hali ya ndoa ya kila mmoja. Wote wawili mnasaini. Kwenye sehemu ya hali ya ndoa, mwenzako aandike mtalaka na aambatanishe dikrii. Kwenye aina ya ndoa, andikeni mke mmoja kwa maneno, hata kama sheria inaichukulia ndoa ya bomani kuwa ya mke mmoja pale ambapo hakuna kinachoonyesha vinginevyo. Ukiacha nafasi wazi, mtu mwingine anaweza kuijaza.

Siku zinahesabiwa tangu taarifa ilipopokelewa ikiwa kamili. Ikipokelewa tarehe 3 Machi, mapema kabisa mnaweza kufunga ndoa tarehe 24 Machi. Ikirudishwa kwa sababu picha zimepungua, hesabu haijaanza. Kwa hiyo usiondoke dirishani bila kuona imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uombe nakala yako. Malipo fanyeni kwa kumbukumbu namba ya malipo, kwa benki au kwa simu, na risiti iwe na jina la mmoja wenu. Fedha ya mkononi isiyo na namba haina ushahidi.

Kuondolewa siku 21 kunawezekana. Kifungu cha 23 kinampa Msajili Mkuu wa ndoa mamlaka ya kutoa kibali cha kufunga ndoa bila taarifa hiyo, akiridhika kuna sababu ya kutosha. Mtu mahututi hospitalini, au anayesafiri kwa lazima ndani ya siku chache, ana la kueleza. Ukumbi uliolipiwa nusu sidhani kama utamshawishi. Na hata kibali kikipatikana, kinaondoa siku tu. Ndoa ya 2018 itabaki pale pale.

Baba yako mkubwa sasa. Msajili hubandika tangazo la kusudio lenu, na likishabandikwa, mtu yeyote anayejua kizuizi ana haki ya kupeleka pingamizi kwa maandishi, na likipokelewa ndoa husimama mpaka liamuliwe. Lakini pingamizi lazima litaje kizuizi ambacho sheria inakitambua: mmoja yuko kwenye ndoa nyingine, hamjatimiza umri, hamjaridhia kwa hiari, mna undugu. Ng'ombe wawili hawamo. Kifungu cha 41 kinasema wazi kwamba ndoa iliyotimiza masharti ya sheria ni halali hata kama desturi ya mahari haikufuatwa. Wewe una miaka 27, ridhaa ya mzazi huihitaji, ya baba mkubwa ndiyo kabisa.

Hata hivyo usiende kumsomea vifungu sebuleni kwake. Mahari ni deni la heshima kati ya familia mbili, na atakuwa baba yako mkubwa hata baada ya harusi. Mwenzako atume mshenga na maandishi mafupi: ng'ombe wawili waliobaki watatolewa mwezi fulani, au thamani yake kwa fedha mliyokubaliana. Wazee wasaini. Wengi wanaotishia pingamizi wanataka tu wasikike kwamba hawajapuuzwa. Ninachokiogopa ni kingine. Akienda kweli kwa msajili akakosa la kusema juu ya ng'ombe, anaweza kulitaja la mke wa 2018. Hilo ni kizuizi halisi, na msajili atalipokea. Hiyo ni sababu nyingine ya kutanguliza dikrii kabla hamjabandika tangazo lolote.

Kuhusu ukumbi, zungumzeni na mwenye ukumbi wasogeze tarehe badala ya kurudisha fedha. Wengi hukubali wakiambiwa mapema. Kamati iambiwe ukweli kwa kifupi: hati haijakamilika, tarehe itatangazwa. Michango iliyoingia iandikwe kwenye daftari na isiguswe. Tafadhali msifanye sherehe kwanza mkitegemea bomani baadaye. Mkishaonekana mbele za watu kama mume na mke, watu wa nyumbani watawahimiza mhamie pamoja, na dikrii itakosa wa kuifuatilia.

Tarehe mpya mkiipanga, kumbukeni Jumamosi siyo siku ya kazi ya ofisi za serikali. Ulizeni kwanza, na kama hawafungishi, fungeni ndoa Ijumaa asubuhi na sherehe iwe kesho yake. Siku hiyo njooni na mashahidi angalau wawili, watu wazima, wenye vitambulisho. Chagueni wale ambao hata baada ya miaka kumi mtajua wako wapi. Pete si sharti la ndoa ya bomani, mkiwa nazo mtavishana. Msajili atawauliza kama kila mmoja amekuja kwa hiari yake, mtajibu kwa sauti, mtasaini rejista na cheti, mashahidi nao watasaini.

Kabla hujashika kalamu, omba usome kilichoandikwa. Weka kitambulisho chako pembeni ya cheti na upitishe kidole chini ya kila herufi: C, h, r. Angalia jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa ya mwenzako kabla ya siku hiyo, na neno linaloonyesha ni ndoa ya mke mmoja. Kosa linalogunduliwa mkiwa mmekaa pale mezani hurekebishwa pale pale. Likigunduliwa mwaka unaofuata ukiwa unaomba pasipoti, utarudi kuapa tena kwamba Kristina ni wewe. Na jina lako la ukoo unaweza kubaki nalo. Hakuna sheria inayokulazimisha kuchukua la mume, kwa hiyo usikubali karani alibadilishe kwa mazoea.

Kesho mwenzako aende barazani. Wewe nenda kwa wakili ukaape.